Ubongo, Kifafa na Mali ya Umma

Mazungumzo yangu ya leo nanyi, wakazi wa mji wa Babati, ni juu ya kiungo kimoja cha mwanadamu ambacho uzito wake haufiki kilo moja na nusu, nacho ndicho makao ya kumbukumbu yake, lugha yake, hofu yake na mapenzi yake. Na ni juu ya swali ambalo aghalabu halifiki barazani petu, nalo ni kwamba elimu ya ubongo hugharimiwa na nani, na ikishapatikana humfikia nani.

Mlango nitakaouingilia ni kifafa, kwa kuwa huo ndio mlango ulio karibu nasi. Ni wachache mno katika mkoa huu wa Manyara ambao hawajapata kumwona mtu akianguka ghafla, macho yakigeuka, meno yakiumana, viungo vikikakamaa kisha vikitukutika, na povu likimtoka kinywani, ilhali waliomzunguka wamerudi nyuma hatua kadhaa kwa sababu waliambiwa na wazazi wao kwamba povu lile, au pumzi ile, huambukiza. Itikadi hii imeleta madhara ambayo ugonjwa wenyewe usingeyaleta, kwani mwenye kifafa aangukapo penye mafiga, na kuni zikawa zinawaka, kusitasita kwa jamaa zake kwa muda wa dakika moja tu ni kovu la maisha katika mkono wake au uso wake. Tabibu Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Kinorwe aliyefika Mahenge katika nchi ya Wapogoro wakati Tanganyika haijapata uhuru wake, aliyakuta mambo hayo hayo: wagonjwa waliotengwa na nyumba zao, wengi wao wakiwa na alama za moto mwilini, nao wakiamini kwamba balaa yao haina tiba. Akawafungulia kliniki karibu na mwaka 1960, akawa anawagawia dawa na kuandika habari zao kwa subira ya miaka mingi. Na miongoni mwa watoto wa huko aliwaona wengine ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka bila ya hiari yao, hali ambayo nusu karne baadaye iliwashtua watu wa Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda, na ambayo wataalamu wengi sasa wanaihusisha na ugonjwa wa usubi unaoenezwa na inzi wa mitoni.

Basi, kifafa ni nini hasa? Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, hesabu ambayo wanasayansi wa Brazil waliichapisha mwaka 2009, na kila seli imeungana na maelfu ya seli nyingine, hata ikawa kufikiri kwetu, na kutembea kwetu, na kulia kwetu msibani, vyote ni kazi ya mizunguko ya seli hizo zinazopeana habari kwa umeme hafifu, umeme unaozaliwa na chembe za chumvi zipitazo katika ngozi nyembamba ya seli, zikiingia na kutoka. Ubongo ulio salama ni mfano wa ngoma kubwa ambamo kila mpigaji ana zamu yake na mdundo wake, mmoja akinyamaza mwenziwe apate kusikika. Na kifafa ni pale ambapo kundi zima, kwa sababu iliyoanza pengine mahali padogo pasipozidi ukucha, linapiga mdundo mmoja kwa pamoja, kwa nguvu, bila ya kupumzika, mpaka mwili wote ukashikwa. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunasa umeme wa ubongo wa binadamu, mwaka 1924, katika mji wa Jena. Na tangu hapo hapana tena hoja ya kusema kwamba kifafa ni pepo, kwa kuwa alama zake huandikwa na kalamu ya mashine, na hazibadiliki kwa kabila wala kwa dini ya mgonjwa.

Naomba mnistahimilie kidogo katika jambo hili la mizunguko, kwa maana ndani yake mna siri ya kidonge ambacho wengi wenu mmekiona. Katika ubongo ziko seli zenye kazi ya kuamsha nyingine, na ziko zenye kazi ya kuzinyamazisha. Na fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa katika dirisha la dawa la zahanati, hufanya kazi kwa kuzitia nguvu zile zinyamazishazo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba hata asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangechunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi zenye kipato kidogo, robo tatu ya wagonjwa hawapati dawa wanayoihitaji. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na bado inaniuma, kwa kuwa nakisi iliyopo hapo si nakisi ya elimu. Ni watu wengi kupita kiasi wanaopotezewa ujana wao kwa kukosa kidonge ambacho thamani yake haifiki soda moja.

Hata hivyo, dawa huzuia kuanguka tu. Haimwambii mtu kwa nini ubongo wake umejeruhika. Ili kulijua hilo yapasa kuuona ubongo pasipo kulipasua fuvu, na uwezo huo haukupatikana kwa urahisi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, mwanafizikia aitwaye Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa ameazimwa na chuo kikuu kusimamia mionzi ya hospitali, alijiuliza kama haiwezekani kupitisha mionzi ya eksirei mwilini kutoka pande nyingi, kisha kwa njia ya hisabati kukusanya vivuli vyote hivyo vikawa picha moja ya undani. Akaifanya hisabati hiyo, akaichapisha mwaka 1963 na 1964, na takriban hakuna aliyeijali. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield alifika mahali pale pale kwa njia yake mwenyewe, akaunda mashine kwa msaada wa fedha za wizara ya afya ya nchi yake, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa kwa mashine hiyo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali moja ya London. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979, wala hawakuwa wamepata kufanya kazi pamoja. Mashine hiyo ndiyo tuiitayo CT, na nimeitaja habari ya kuzaliwa kwake kwa urefu kwa sababu ilizaliwa na mambo mawili ambayo hayapendezi machoni pa mfanyabiashara, yaani swali la mtu mmoja lisilokuwa na faida ya papo kwa papo, na fedha ya umma iliyokuwa tayari kungoja.

Sasa tutazame upande wa magharibi yetu, katika nchi ya Mbulu, ilipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Hapo ndipo tabibu wa neva kutoka Ujerumani, Andrea Winkler, pamoja na wenzake wa hospitali hiyo, walipofanya kazi ambayo naiona kuwa ni hidaya kwa mkoa wetu mzima. Walianza kwa kupita nyumba hadi nyumba, wakiwauliza watu zaidi ya 7,000 juu ya kuanguka na kuzimia, wakapata kwamba katika kila watu 1,000 wapo wapatao 9 wenye kifafa kinachoendelea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Wagonjwa zaidi ya 200 wakapigwa picha za CT za kichwa, na watu wengine wasio na kifafa wakapigwa pia ili walinganishwe nao; na katika vichwa vya wagonjwa, zaidi kuliko vya wale wengine, zikaonekana alama za mnyoo.

Yafaa niwaeleze alama hizo zilivyo, kwa kuwa mwenye kuziona mara moja hazisahau. Mnyoo akiwa bado yu hai ndani ya ubongo, huonekana katika picha kama kifuko cheusi cha mviringo, na ndani ya weusi ule mna kitone cheupe kimoja, nacho ni kichwa chake mwenyewe. Anapoanza kufa, na mwili ukamgundua na kumshambulia, kifuko huzungukwa na pete ing'aayo pindi mgonjwa anapochomwa sindano ya dawa ya kuangaza picha, na aghalabu ni katika siku hizo za kufa kwake ndipo mtu huanza kuanguka. Akishakufa kabisa, hubaki alama nyeupe ngumu ya chokaa, pengine moja, pengine kumi na zaidi, zimetapakaa upande huu na upande ule wa ubongo, na kila moja yaweza kuwa ndio ule mwanzo mdogo ambao kutoka kwake mdundo wote huharibika. Mgonjwa aweza kuwa alimbeba mgeni huyo kwa miaka mingi bila ya kuumwa hata kichwa.

Mnyoo wenyewe ni tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama isiyoiva vizuri, iwe ya nyumbani au ile ya jioni tuiitayo kitimoto, na nyama hiyo ikawa na vifuko, tegu humea katika utumbo wake mpaka akafikia urefu wa mita kadhaa, na mayai yake hutoka pamoja na choo kikubwa. Nguruwe aliyeachwa azurure, akila kinyesi cha mtu porini au nyuma ya nyumba isiyo na choo, huyameza mayai hayo, na vifuko hujijenga katika nyama yake. Duara hili peke yake lisingefika kichwani mwa mtu. Linafika huko pale ambapo mayai yaliyotoka kwa mwenye tegu, yakiwa katika kucha zake, au katika maji, au katika mboga zilizooshwa vibaya, yanapomezwa na mtu mwingine, kwa kuwa hapo mwili wa huyo aliyeyameza huwa mahali pa nguruwe, na vifuko hujijenga katika misuli yake, macho yake na ubongo wake.

Nawaomba ndugu zangu Waislamu wa mji huu, na wote wasioigusa nyama ya nguruwe kwa imani au kwa desturi, wayasikilize maneno haya kwa makini. Kutokula nyama hiyo humlinda mtu asiote tegu tumboni. Hakumlindi na mayai yaliyo katika mkono wa jirani, au wa mpishi, au wa mtoto anayecheza na watoto wake. Mwaka 1992 matabibu wa Marekani waliandika habari za watu wa jamaa ya Wayahudi washika dini wa New York, wasiopata kula nyama ya nguruwe maishani mwao, ambao walipatikana na vifuko hivyo katika ubongo, na ushahidi ukaelekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu pasipo kujijua. Kwa hiyo maradhi haya si ya dini fulani wala ya kabila fulani, na kila anayesema hayamhusu amekosea.

Kwa upande wa nguruwe, kazi kubwa ilifanywa na Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Yeye na wenzake waliwachunguza nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya ya Mbulu kwa njia ambayo wanunuzi wa nguruwe wanaijua siku nyingi: mnyama hulazwa na kushikiliwa, kijiti huwekwa baina ya meno, ulimi huvutwa nje kwa kitambaa, na kidole hupitishwa polepole chini yake kutafuta vinundu. Wakapata vinundu katika nguruwe wapatao 17 kwa kila 100, na ijulikane kwamba njia ya ulimi huwapita wagonjwa wengi bila ya kuwagundua, hivyo ukweli wenyewe ulikuwa mbaya zaidi. Baadaye wakaanzisha jaribio la kuelimisha wafugaji, vijiji vingine vikipewa mafunzo na vingine vikingoja, na maambukizo mapya katika nguruwe wa vijiji vilivyofundishwa yakapungua kwa takriban asilimia 40. Si dawa mpya iliyofanya hivyo, wala mashine. Ni filamu, vipeperushi, mikutano na mazungumzo. Nalisema hili kwa furaha kubwa, kwa kuwa uchunguzi huu wa ubongo, uliohitaji mionzi na hisabati ya Cormack, umekuja kuishia katika jambo ambalo bwana mifugo na bwana afya wa kata yetu wanaweza kulianza kesho asubuhi.

Miaka ya karibuni kazi hii imepanuka. Wizara ya elimu na utafiti ya Ujerumani, kwa kodi ya wananchi wake, iligharimia mtandao wa utafiti uitwao CYSTINET-Africa, uliowaunganisha wataalamu wa Tanzania, Zambia na Msumbiji na wenzao wa Munich, ukachunguza tegu katika nguruwe, katika utumbo wa watu na katika ubongo wao, na ukawasomesha vijana wa Kiafrika shahada za juu. Faida moja ya utafiti wa namna hii inahusu tahadhari. Dawa za kuua minyoo, ambazo serikali huzigawa shuleni kwa maelfu kwa ajili ya kichocho, zaweza pia kumwua mnyoo aliye kichwani. Na mnyoo akiuawa ghafla, ubongo unaomzunguka huvimba. Tabibu anayejua kilichomo ndani ya kichwa humpa mgonjwa kwanza dawa ya kutuliza uvimbe, na tabibu asiyejua humtibu gizani. Picha, basi, si anasa ya hospitali za miji mikubwa.

Katika nchi kubwa, elimu ya mizunguko ya ubongo imekwenda mbali mno. Mwezi Aprili mwaka 2013, Rais Barack Obama alitangaza mpango wa taifa wa Marekani wa kuunda ala mpya za kuuona ubongo ukifanya kazi, ukianza na dola milioni 100. Katika maabara zilizogharimiwa na mpango huo na mingine mfano wake, seli za ubongo wa panya hufanywa zing'ae kila zinapozungumza, kwa kutumia protini ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini; na nyingine hufanywa zitii mwanga, zikiwashwa na kuzimwa kwa miali ya rangi, kwa kutumia protini zilizopatikana kwanza katika mwani mdogo wa maji baridi. Mwezi Oktoba mwaka 2024 ilichapishwa ramani nzima ya ubongo wa inzi mdogo wa matunda, seli 139,255 na viungo vyake zaidi ya milioni 50, na mamia ya watu wa nchi mbalimbali walishiriki katika kuisahihisha.

Najua pana wasikilizaji watakaosema, ubongo wa inzi una faida gani kwa mtu wa Mutuka hapa kwetu anayengoja mvua aoteshe mbaazi zake? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Waliouchunguza ule mwani walitaka tu kujua jinsi unavyogeuka kuufuata mwanga. Hawakuwaza juu ya macho ya mtu. Lakini mwaka 2021 matabibu wa Paris walitangaza kwamba mwanamume mmoja aliyepofuka kwa ugonjwa wa macho wa kurithi aliweza, kwa msaada wa protini ya jamaa hiyo na miwani maalumu, kutambua na kugusa vitu vilivyowekwa mezani mbele yake. Kadhalika kifafa ambacho hakisikii dawa yoyote, na wagonjwa wa namna hiyo ni kama theluthi moja, hakitapata tiba mpaka ijulikane ni mzunguko gani uliokosa kunyamazishwa na kwa nini. Hakuna mtu awezaye kuyajua hayo kwa kukisia. Kwa imani yangu, kuchunguza ubongo wa inzi ni kazi ya heshima, na umma unaoigharimia hautupi mali yake. Ila ni dhuluma kuugharimia ubongo wa inzi kwa mamilioni na kuuacha ubongo wa mtoto wa Mbulu bila ya picha moja.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba dhuluma hiyo yaweza kuondolewa. Katika mji wa Blantyre, Malawi, watoto wenye malaria iliyopanda kichwani walipigwa picha za MRI, yaani zile zipigwazo kwa nguvu ya sumaku, na mwaka 2015 tabibu Terrie Taylor na wenzake wakathibitisha kwamba wanaokufa wengi wao hufa kwa uvimbe wa ubongo. Katika mji wa Mbale, Uganda, ambako watoto wengi wenye kujaa maji kichwani hupasuliwa, watafiti waliolipwa kwa fedha za umma za Marekani walitangaza mwaka 2020 kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na bakteria ambaye hapo awali hakushukiwa. Na huko huko Uganda, mjini Mbarara, mhandisi Johnes Obungoloch na wanafunzi wake, pamoja na wenzao wa Leiden na Marekani, waliunda kwa mikono yao mashine ya MRI yenye sumaku dhaifu, isiyohitaji gesi ya kupozea wala chumba cha kifahari, mashine ambayo fundi wa hapo hapo aweza kuifungua na kuitengeneza. Kazi hii ya Mbarara ndiyo inayonipa matumaini kuliko zote. Mashine ya msaada ikiharibika hungoja mtu kutoka ng'ambo, na pengine hungoja mpaka vumbi likaifunika. Ile uliyoiunda mwenyewe unaijua mpaka parafujo yake ya mwisho.

Lakini tazameni, wasikilizaji wangu, nani aliyelipa. Katika habari nyingi nilizozitaja, sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa mlipa kodi wa Munich, wa London au wa Marekani, na mlipa kodi huyo ana haki ya kubadili nia. Mpango ule wa Marekani ulipewa dola milioni 680 mwaka 2023, na kufikia mwaka 2025 ulikuwa umeteremshwa hadi milioni 321. Mwaka huo huo wa 2025, taasisi ya taifa ya afya ya nchi hiyo ilitangaza kusimamisha utaratibu ambao kwa njia yake vyuo vya Marekani vilikuwa vikiwagawia fedha washirika wao wa nchi za nje. Sina lawama kwao. Mali ni yao. Mwenye kuishi kwa kibaba cha kupimiwa na mwingine asistaajabu siku kibaba kinapopungua.

Tanzania haikosi vyombo vya kazi hii. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iko tangu mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Na nchi za Umoja wa Afrika ziliahidiana mwaka 2006, huko Khartoum, kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, ahadi ambayo nchi nyingi bado ziko mbali nayo. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, serikali yetu ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo la kupongezwa kwa dhati. Yale yaliyofanyika Haydom kwa juhudi ya watu wachache sasa yawezekana katika mikoa mingi kwa wakati mmoja.

Ila mashine hufanya kazi ya siku moja kwa mgonjwa mmoja ikiwa picha yake itasomwa, apewe karatasi, na mambo yaishe hapo. Picha hizo hizo zikihifadhiwa kwa utaratibu, jina la mgonjwa likifichwa na kata yake ikiandikwa, zikaunganishwa na daftari la kliniki ya kifafa na la mkaguzi wa nyama machinjioni, katika miaka michache tutajua ni vijiji gani vya Babati, Hanang, Mbulu na Simanjiro ambako mnyoo huyu amejenga, na tutapeleka vyoo, mabanda na mafunzo huko kwanza. Haihitaji dola milioni 100. Yahitaji mtu wa kuzitunza kumbukumbu hizo, daktari wa kuzisoma, mwanafunzi wa Sokoine au Muhimbili wa kuzifanyia hesabu, na fungu la kudumu katika bajeti ambalo halitakatika mfadhili anapokwenda zake.

Kwa wale ambao nyumbani kwao yumo mtu anayeanguka, nawasihi wamfikishe kituo cha afya hata kama mganga wa jadi ameshalipwa, wala wasimkatishe dawa anapopata nafuu, kwa maana kuiacha ghafla huleta kuanguka kubaya kuliko kwa kwanza. Akianguka, mwondoeni penye moto na penye maji, mlazeni ubavu, msimtie kitu chochote kinywani, na mkae naye mpaka azinduke. Kuanguka kukizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali. Mshikeni bila ya hofu. Povu lake haliambukizi.

Na kwa kuwa halmashauri ya mji hujadili bajeti yake kila mwaka, na madiwani wetu hurudi kwetu kutuarifu, ningependa katika mkutano ujao wa kata waulizwe maswali matatu kwa adabu, na majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano: mwaka uliopita fenobabitoni ilikosekana zahanati kwa siku ngapi, nguruwe wanaochinjwa hapa mjini hukaguliwa na nani, na wenye vifuko hupelekwa wapi, na picha za vichwa zinazopigwa katika hospitali ya mkoa huhifadhiwa mahali gani, na ni nani mwenye ruhusa ya kuzisoma kwa ajili ya utafiti.